Sala ya Kufungua Kikao

Mama yake aliposali, "Tunakushukuru, Baba, kwa watoto hawa uliowaumba jinsi walivyo," Naliaka alifumbua macho.

Kamati ya wabunge ilikuwa imekuja Nakuru kusikiliza ombi la Naliaka: sheria iwatambue watu kama yeye, walioharibiwa wakiwa tumboni na dawa ya kifafa, dawa ambayo mama zao walipewa bila kuonywa. Kama kawaida ya vikao, mwenyekiti alikuwa ameomba mzazi mmoja afungue kwa sala.

"Amina," ukumbi uliitikia.

Mwenyekiti alitabasamu. "Asante, mathe. Sasa, Naliaka, hapo mnanichanganya. Mzazi anamshukuru Mungu, wewe unashtaki dawa. Tuandike ni nani aliyewafanya hivi?"

"Muite Mungu ajitetee, boss!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Naliaka hakuona aibu wala hasira. Hakuzaliwa na vidole gumba, kwa hiyo alikibana kipaza sauti kati ya viganja viwili na kukisogeza mdomoni. Bado kilikuwa na joto la mkono wa mama yake, aliyekuwa amerudi kuketi nyuma yake. Nyumbani kwao, dawa ile haikuwahi kutajwa hata siku moja.

"Mheshimiwa, shahidi wa kwanza si mimi," alisema. Kisha, bila kugeuka, "Mum, simama tena. Waambie ulikuwa ukimeza nini ulipokuwa na mimba yangu."

Nyuma yake, kiti kilikwaruza sakafu.