Maswali ya Undani

"Tano ndani ya alama za nukuu, jumlisha moja?" dada aliuliza.

"Hamsini na moja," alijibu mdogo wake, bado kajifunika shuka pale kwenye kochi.

"Ukitoa moja?"

"Nne. Dada, hivi hii lugha ya kompyuta, JavaScript, ina akili kweli?"

"Akili inayo. Wewe ndiye bado unaitafuta."

Tangu amalize chuo, kijana huyo alikuwa amegeuza kochi la dada yake kitanda, na sukari ya nyumba nzima iliishia kwenye kikombe chake. Dada alimpenda, lakini alishamchoka.

Ndipo siku moja ofisini bosi alipomfuata mezani kwake, pale dirishani, akamkuta anamwagilia maji alovera yake.

"Tunaajiri mtu," bosi alisema. "Tutungie mtihani. Weka yale ya undani kabisa, ambayo hapa unayajua wewe tu. Na majibu yake."

Dada alivimba kichwa. Hatimaye anapata msaidizi! Na palepale akaamua msaidizi huyo atatoka kwenye kochi lake.

Wiki nzima alimkamua mdogo wake bila huruma.

"NaN, ile 'si namba', ni sawa na NaN?"

"Si sawa. Hata yenyewe haijitambui."

"Funksheni, kile kipande cha programu, inasahau lini data za pale ilipozaliwa?"

"Haizisahau. Inaondoka nazo popote iendapo."

Alimpa hata njia zake za mkato, zile alizokuwa akiwaficha wenzake miaka yote. Alimwonya jambo moja tu.

"Ukiulizwa, mimi hunijui."

"Sikujui kabisa, Dada."

Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, kijana alichana nywele akaenda kwenye usaili. Alirudi jioni akiruka ngazi mbilimbili.

"Nimepata, Dada! Maswali yote nimepata! Bosi anasema hajawahi kuona mtu anayejua kama mimi, tena kwa mshahara mdogo hivi!"

Dada alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. Furaha yake ilikuwa ya kweli, ingawa jicho moja lilishaanza kulipima kochi.

"Wamekuonyesha utakapokaa?"

"Pazuri mno! Pale dirishani, penye alovera." Kisha akashusha sauti. "Ila usimwambie mtu, Dada. Mwenye meza hiyo bado hajaambiwa."