Doa la Hizza

Barabara yote ilikwisha kupakwa lami nyepesi ya kuzuia maji, isipokuwa penye doa la oili. Hapo lami ilijikunja kama utando wa maziwa.

"Sugua kwa sabuni," nyapara Shekalaghe alimwambia kibarua. "Juu ya mafuta haishiki, na kesho mkuu wa wilaya anapita."

Mama Hizza akasimama juu ya doa. Oili ile ilimwagika kutoka kwenye pikipiki ya mwanawe Hizza, siku alipogongwa na gari la mkuu huyo huyo.

"Liache, baba. Ndilo pekee linalosema alifia hapa."

"Mama, doa halitoi ushahidi."

"Na nyinyi mliokuwa mkifagia hapa siku ile, mliutoa?"

Vibarua wakatazama ndoo zao. Yule mwenye brashi alipoinama, mama akamnyang'anya.

"Nitamwosha mwenyewe. Mliniletea ameshafungwa sanda."

Akapiga magoti, akasugua taratibu, kama anayesugua mgongo wa mtoto. Povu likawa jeusi.

"Inatosha, mama. Lami inaganda."

Akamimina maji, nayo yakatiririka kuelekea kwa wanaume. Mmoja mmoja wakarudi nyuma, yasiwaguse miguu.