Kabla ya Ngoma Kuingia

Kwa fundi cherehani, roki ya studio ilikuwa uji wa mgonjwa. Roki yenyewe ni ile iliyorekodiwa jukwaani, mpiga gitaa anakosea na watu wanapiga kelele. Hapo hakuna aliyeweza kumbandua.

"Na hii ndiyo mama yao," alimwambia shemeji yake, akiongeza sauti mpaka mkasi ukatetemeka mezani. "Mbele kidogo gitaa linanyamaza, uwanja mzima kimya, halafu mtu mmoja anapiga mluzi. Mluzi huo ndio unaomwamsha mpiga ngoma! Huyo jamaa nikimpata, namshonea suti bure."

"Hodi humu!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Fundi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, mkono ukipapasa kitufe cha sauti. Mbele ya mama huyu hata kucheka alicheka kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, napunguza…"

"Marahaba. Acha hivyo hivyo."

Gitaa likanyamaza. Uwanja ukatulia.

Mama mkwe akatua mkoba, akasogeza mtandio, akatia mdomoni vidole viwili vyembamba, pete ya ndoa ikimeta. Mluzi ukapasua chumba, sambamba na ule wa kwenye rekodi, mpaka ule mkunjo wake wa mwishoni.

Ngoma zikaingia.

"Mama?" shemeji alinong'ona, macho yamemtoka.

Mama akampita mwanawe. Alimgeukia mkwewe, akanyoosha mikono pande zote mbili, tayari kupimwa.

"Nyekundu," akasema.