Tonge la Mwenyewe

Zamani wanyama walipokuwa bado wanakula sinia moja, Bi Nungunungu na wanawe hawakumaliza chakula hata siku moja. Kila mchana walibakiza tonge pembeni mwa sinia, wakaliweka mlangoni mwa pango, wakalala kidogo. Wakiamka, tonge halipo, na mavumbini hakuna alama ya mguu.

Siku hiyo alikuja Kicheche, mlafi asiye na haya. Alikula akashiba, kisha akanyoosha mkono kwenye tonge la pembeni.

"Hilo liache, mwanangu," alisema Bi Nungunungu. "Lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hatumjui. Mama yangu hakumwona, na mimi sijamwona."

"Basi mnalisha upepo!" Kicheche alicheka, akalimeza tonge, akairamba sinia mpaka ikang'aa. Kisha akajilaza papo hapo mlangoni, tumbo juu.

Bi Nungunungu aliwasogeza wanawe ndani kabisa, akawaambia wafumbe macho.

Walisikia sinia ikivutwa polepole. Kimya. Halafu wakasikia kitu kinatafuna, bila pupa, kama mgeni mwenye adabu zake.

Walipotoka, jua lilikuwa bado kali. Kicheche hakuwapo, na mavumbini hakukuwa na alama. Pembeni mwa sinia ilikuwepo ncha ya mkia wake, imewekwa vizuri.

"Mama," aliuliza kitindamimba, "mbona hakumaliza?"

Bi Nungunungu aliitazama ile ncha, miiba ikamsimama.

"Kumbe na yeye," alisema, "ana wa kumbakizia."