Saba Zisizo na Mstari

Daftari la marehemu mume wangu lilirudi jana kutoka Idara ya Usawazishaji. Sheria inataka kila rekodi ya zamani ya soko la hisa ipelekwe huko irekebishwe, ili wanahistoria wasipotoshwe.

Kila asubuhi baada ya chai alikata bei za hisa gazetini, akazibandika kwa uji wa ngano na kuandika neno pembeni. Nilifungua wiki ambayo kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilifilisika. Bei zilikuwa zimepanda! Pembeni, kwa mwandiko wake: “Tarehe 17. Leo tumeongezwa mishahara.”

“Kumbe baba alikuwa na furaha,” binti yangu Wakesho akasema, macho yamemlowa.

“Baba yako alikuwa akiikata saba kwa mstari katikati. Hii haina.”

“Mama nawe! Hata saba unaishuku?”

Nilinusa ukurasa. Ulinukia gundi ya dukani.

Alipotoka, nilichukua penseli niandike maneno ya kweli ya mume wangu kabla sijayasahau: “Leo wametufungia geti.” Nikasita. Aliandika wametufungia, au wametufukuza?

Nimekaa na penseli mkononi tangu jana.