Mbung'o wa Njia ya Kisimani

Mbung'o alitua kwenye kitambaa cheusi walichokibeba watu wawili, akakunja mbawa zake kama mkasi uliofungwa. Sadala aliinua wavu, kisha mkono ukamgomea.

"Mkamate basi!" alifoka Bwana Mbung'o, yule Mzungu mwenye chupa, kutoka nyuma.

Kila asubuhi walipita njia hiyohiyo ya kisimani. "Hakuna awezaye kuhesabu mbung'o wa pori zima," Mzungu alikuwa amewaeleza. "Wanaotua hapa ndio wanaowasemea wenzao. Wastani wao ukizidi, kijiji cha Kwaluguru kinahamishwa, ugonjwa wa malale wanaoueneza usije ukawamaliza watu."

Kuhama! Waache mihogo shambani na baba zao makaburini? Tangu siku hiyo Sadala, mzaliwa wa hapo, akawa anakigusa kitambaa kwa ncha ya wavu, mbung'o wanaruka zao. Mmoja mmoja tu, alijiambia. Mmoja ana nini?

Huyu aliguswa, hakuruka. Alikuwa mzito. Sadala akainama, akaliona tumbo lilivyovimba kwa damu mbichi.

Damu ya nani? Tangu alfajiri hawakuona hata digidigi.

Kwenye kona ya njia akatokea binti yake, mtungi kichwani.

"Shikamoo, baba," alisema, huku akijikuna shingo.

"Sadala! Yupo au hayupo?" aliita Mzungu.

Wavu ukashuka, ukamfunika mbung'o.

"Yupo, bwana," alisema, macho hayabanduki kwenye shingo ile. "Na wa jana walikuwapo."