Hodi ya Tatu

Siku hizi hewa ya nyumbani hutoka mchezoni. Ukiopoa mtungi wa hewa kwenye meli zilizozama katika bahari ya mchezo, feni ya ukutani inazunguka. Ukikosa, inasimama, na dirisha hufungui, maana nje ni moshi mtupu.

Leo asubuhi ilisimama. Midomo ya mwanangu Mwanakheri ikaanza kuwa ya buluu. Nikavaa miwani ya mchezo, nikazama. Meli zote zilishakombwa. Mwishowe nikakuta chumba kilichofungwa, stoo ya mchezaji mwingine. Nikapiga hodi. Sisi wachezaji tuna ada yetu: hodi ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Haikuitikiwa. Nikavunja mlango, nikabeba mitungi yote minne. Sikuacha hata mmoja.

Sasa feni inazunguka, na Mwanakheri anapumua kifuani pangu.

"Hodi, Mama Mwanakheri!" Ni Mama Shemsa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Shoga, stoo yetu imevunjwa. Niazime mtungi mmoja tu, mtoto anazidiwa."

Namziba Mwanakheri mdomo asije akasema karibu.

"Hodi!"

Hodi ya tatu imetoka na kikohozi. Siitiki. Nangoja ageuke aende zake, kama ilivyo ada.